Mwaka wa Kumwotesha Karembo Nywele

Tulimzika Mwalimu Wawira kwao Karurumo Jumamosi ya kwanza ya Januari, chini ya jua ambalo lingekaanga yai juu ya kipara changu, na wasemaji walikuwa kama mia mbili. Kila mmoja alianza kwa kusema hana mengi. Nilikaa kwenye hema la pili na sahani ya wali na ndengu magotini, na ukweli ni kwamba sikuwa na huzuni kama nilivyotarajia. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia marehemu kwa kuondoka kabla sijamalizana naye juu ya mambo aliyonifanyia mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka ulioniharibia vidole, macho na brashi tatu za viatu. Mbele yangu alikaa mtoto wa kike wa miaka sita hivi, amevaa kofia ya sufi ya kijivu iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Kofia ya sufi, Januari, Karurumo! Watu wazima tulikuwa tunatoka jasho hadi kwenye soksi. Nikamwuliza mama mmoja aliyekaa kando yangu, "Huyu mtoto hana mwenyewe amvue hicho kitu?" Akanijibu bila kuacha kutafuna, "Jaribu wewe. Anauma." Nikarudi kwa ndengu zangu. Mtu mwerevu angeelewa pale pale, lakini mimi ni wa shule ya jioni, na mambo mengine hunifikia wakati wenzangu wameshakunywa chai na kuosha vikombe.

Kisha akapita Marigu, binti wa pekee wa marehemu, akisalimia watu mstari kwa mstari. Aliponifikia akaniinamia sikioni. "Anko Mutuma, usiende kabla hatujaongea." Sauti ilikuwa ya mamake kabisa, ile ya mtu anayekuwekea kidole juu ya kosa kwenye daftari. Nikaweka sahani chini ya kiti. Mimi na mamake tulimdanganya huyo mwanamke mwaka mzima alipokuwa mtoto, tukimtazama machoni, na katika miaka ishirini na zaidi iliyofuata hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kumwambia ukweli. Mmoja wetu sasa alikuwa ndani ya udongo mwekundu wa Karurumo, salama. Aliyebaki kujibu ni mimi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa viatu pale Makutano, Meru, ndani ya kibanda cha mabati chenye upana wa jeneza, na nasema jeneza la mtu mwembamba. Mbele kulikuwa na barabara na malori yake. Kulia kulikuwa na saluni ya Mama Kinya, na kati yetu ukuta wa mbao nyembamba hata mtu akikuna kichwa upande wa pili nilijua ni kwa kucha ya kidole gani. Nilizijua ndoa zote za Makutano bila kuuliza mtu. Saa kumi na moja jioni nilifunga kibanda nikaenda darasa la watu wazima katika shule ya msingi iliyokuwa karibu, tukakaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yakigusa masikio, tukijitayarisha kwa mtihani wa kidato cha nne. Hesabu tulifundishwa na Mwalimu Wawira. Mchana alifundisha watoto, jioni alitufundisha sisi, na alipenda kusema kwamba tofauti pekee ni kwamba watoto huona haya. Yeye alikuwa Mwembu, nasi Wameru tulimtania kwamba Waembu huhesabu hadi kumi kisha huanza tena, naye alitujibu kwamba hiyo ndiyo sababu wamefika kumi.

Alikuja kibandani Januari, siku ya pili ya kufunguliwa kwa shule, na mfuko wa karatasi mkononi. Nikampa kile kiti changu cha wageni, ambacho kilikuwa debe.

"Fundi, wewe hushona kila kitu?"

Mimi ni mtu wa Kibirichia. Ukimwuliza mtu wa Kibirichia kama anaweza, atakubali kwanza, halafu ndipo aulize ni nini. "Kila kitu isipokuwa ndoa," nikasema.

Akatoa farasi. Farasi wa plastiki, mkubwa kama kiatu cha mtoto, rangi ya zambarau iliyofifia, macho makubwa yenye kope kama za bibi harusi. Na alikuwa amenyolewa. Kunyolewa kwenyewe kulikuwa kama kwa mbuzi aliyetoroka katikati ya kazi: kishungi hapa, upara pale, mkia umekatwa shinani. Huyo ndiye Karembo. Dadake Mwalimu, aliyekuwa yaya Nairobi, alimletea Mwalimu alipokuwa bado msichana mdogo, na katika nyumba nzima ya utoto wake hicho ndicho kitu pekee alichokuwa amebaki nacho. Marigu, aliyekuwa na miaka sita, aliruhusiwa kukishika siku za Jumapili.

Nyote mnajua desturi: shule zikikaribia kufunguliwa, watoto wananyolewa, wavulana kwa wasichana, vichwa vinang'aa kama mabakuli. Marigu alinyolewa Jumapili mchana. Jumapili hiyo hiyo jioni alichukua makasi akamnyoa Karembo, kwa sababu kesho ni shule, na Karembo naye ni mwanafunzi. Hakuwa na ubaya wowote. Alijua nywele hukatwa na nywele huota.

"Nilimpiga kofi," Mwalimu akasema. Alikuwa anaangalia barabarani. "Halafu nikamwambia neno baya. Nilimwambia hizi hazitaota tena maishani."

"Si ni ukweli, Mwalimu? Ni plastiki."

"Wewe ni mjinga, Mutuma? Yeye mwenyewe alikuwa amenyolewa siku hiyo hiyo! Alijishika kichwa hivi." Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Tangu juzi amevaa kofia. Analala nayo, anaoga nayo. Mwalimu wao alijaribu kumvua darasani, akamuuma mkono. Hataki kioo, hataki mkono wa mtu. Nimemwambia nilikuwa na hasira tu, Karembo ataota nywele kufikia Krismasi. Unajua alinijibu nini? 'Tutaona.' Miaka sita, ananiambia tutaona! Na mwalimu mkuu amenivumilia kwa sababu tunafundisha pamoja, lakini amesema mwaka ujao mtoto aje bila kofia, amenyolewa kama wenzake, au nimtafutie shule nyingine." Akaniwekea farasi juu ya kigoda cha kazi. "Kwa hivyo mrudishie nywele. Nitamficha hadi Disemba, kisha nitamtoa. Na wewe nitakufundisha hesabu hapa hapa, kila siku saa ya chai, kwa maana kwa hizo alama zako mtihani utakupita kama lori linalokimbilia mjini Maua."

Nilikubali. Nani angekataa? Mimi nilidhani ni kazi ya mchana mmoja.

Sasa nieleze kosa langu, na naomba lisikilizwe kwa heshima. Sikuwa nimewahi kumwona farasi. Niliwajua punda, tena niliwajua sana, punda wa Kibirichia wanaovuta viazi kutoka shambani hadi barabarani, na kwa maoni yangu mnyama wa miguu minne mwenye nywele shingoni alikuwa punda wa rangi hii au ile. Nywele za punda husimama wima kama brashi. Mkia wake ni kamba, na mwishoni kuna kishada. Nikaangalia vifaa vyangu, na kumbe jibu liko mkononi: brashi ya viatu. Nikang'oa manyoya yake meusi. Nikachukua msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, nikaanza kwa nje. Kichwa cha farasi wa namna ile kina mashimo madogo yaliyopangwa kutoka paji la uso hadi mwisho wa shingo, na nywele hutiwa kwa ndani, kishungi kimoja kwa kila shimo, kila kishungi na fundo lake. Ili ufike ndani lazima kichwa kitoke. Hilo sikuambiwa na mtu. Shimo la kwanza nililitoboa hadi likapitisha kidole. La pili na la tatu yakawa shimo moja. Nikapaka gundi ya soli, gundi ikamwagika hadi jichoni, nikaipangusa, nusu ya kope ikaja na kitambaa.

"Fundi!" Mama Kinya akagonga ukuta. "Unatukana nani huko? Nina wateja wa kanisa hapa!"

"Ninatukana farasi, Mama Kinya!"

Nikasikia akiwaambia wateja wake, "Ni hesabu. Nilijua hesabu zitampeleka kichaa."

Wiki tatu nilimshughulikia, na nilipomaliza nilifurahi sana. Nilimweka juu ya rafu mbele ya kibanda, na Makutano nzima ikasimama, malori yakiwemo. Nywele nyeusi, fupi, wima. Mkia wa uzi wa nailoni uliosokotwa, na kishada. Makanga mmoja wa matatu akasema, "Huyo sasa anaweza kubeba gunia." Mama Kinya akatoka na kitana mkononi, akamzunguka Karembo mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe. "Mutuma, mwana wakwa," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "umetengeneza punda."

Mwalimu alisema zaidi ya hayo. Alisimama pale kibandani akanisomea hukumu kwa Kiswahili, Kiembu na Kiingereza, na mahali lugha tatu ziliposhindwa akatumia mikono. Alisema mtu asiyejua kitu huuliza. Alisema ndiyo maana najibu maswali ya mtihani kabla sijayasoma. Aliendelea hivyo mpaka tukasikia sauti chini yetu. Marigu alikuwa ameachwa saluni kwa Mama Kinya, akatoka mwenyewe. Alisimama mlangoni na kofia yake ya sufi, anamwangalia Karembo juu ya rafu.

"Mama," akasema, "zimeanza kuota."

Akanyoosha mkono, nikamshushia farasi. Akapitisha kiganja juu ya zile nywele za brashi, polepole, zikafanya sauti ya tss, tss. Nywele zinazoota baada ya kunyolewa huwa hivyo hasa: nyeusi, fupi, wima. Kila mtoto wa Kenya anaijua sauti hiyo kwa kiganja chake. Kisha akaingiza vidole viwili chini ya ukingo wa kofia yake, kidogo tu, akapapasa, akavitoa haraka kama aliyeshika moto. "Zangu pia ziko hivi," akasema. Akavuta kofia chini zaidi.

Mama yake alingoja mpaka mtoto akarudi saluni kupewa mandazi. Halafu akaniinamia.

"Umenifunga, Mutuma. Nilikuwa nimfiche hadi Disemba. Sasa zimeota, na zikishaota haziwezi kusimama hapo. Aprili lazima ziwe zimeongezeka. Agosti zaidi."

"Mwalimu, mimi ni fundi wa viatu."

"Na Krismasi ziwe ndefu, rangi ya waridi, kama mwanzo. Hizo uzing'oe Aprili ikifika. Na jifunze kabla ya hapo."

Huo ndio ulikuwa mwaka wangu. Wengine katika umri ule walikuwa wanaoa. Mimi nilijifunza kutoa kichwa cha farasi. Unamtia kwenye maji moto ya birika la saluni hadi shingo ilainike, unazungusha kama kifuniko cha chupa, na kikitoka kinalia pop, na mara ya kwanza kilipolia nilikitupa barabarani kwa woga. Nilijifunza kung'oa mabaki ya zamani kwa ndani, moja moja, kwa koleo. Nilikunja waya mwembamba ukawa na kitanzi, nikaupitisha shingoni hadi ukatokea shimoni, nikaukamatisha kishungi, nikauvuta kwa ndani, nikafunga fundo, nikarudisha nje mpaka fundo likakaza. Shimo moja, dakika kumi. Nasema yalikuwa mashimo mia tatu. Mwalimu, ambaye alikuwa mtu wa hesabu, aliyahesabu akapata hamsini na mawili. Naye alikaa kwenye debe, kikombe cha chai mkononi, akinitupia hesabu huku nikivuta waya. "Eksi mara tatu, toa nne, sawasawa na kumi na saba. Eksi ni ngapi?" Na mimi kwa hasira: "Eksi ni kishungi kimeponyoka!" "Vuta kingine. Eksi ni ngapi?" Kutoka upande wa pili wa ukuta wateja wa Mama Kinya walianza kujibu. Kuna mama mmoja muuza nguo ambaye hakuwahi kuingia sekondari, na ninaapa alijua milinganyo kunishinda, akiwa ameinamisha kichwa kwenye karai.

Za Aprili zilikuwa nywele za kusukia, alizonipa Mama Kinya, urefu wa kidole. Niliona zimesimama ovyo, nikachukua mashine yake ya kukausha ili nizilaze. Sikujua kwamba nywele zile zikikutana na moto mkali hukata tamaa. Zilijikunja, zikashikana, zikawa donge moja kama lami. Nilianza upya. Kwa shida hiyo Marigu alimpata Karembo na nywele za kuangukia jicho moja, akampekua sana. "Mbona ni nyeusi? Zilikuwa za waridi." Nilitoka jasho. Mwalimu hakubabaika hata kidogo. "Umeona mahindi ya cucu, nyanyako wa Karurumo? Nywele zake huanza rangi moja, zikikomaa zinakuwa rangi nyingine. Sio hivyo?" Mtoto akafikiri. Mtoto huyo alikuwa anafikiri kama hakimu. "Ni hivyo," akasema. Kofia ilibaki kichwani, lakini sasa mbele ilikuwa imepanda hadi juu ya nyusi. Mwalimu alinionyesha nafasi hiyo kwa macho, ya upana wa kidole kimoja, na nilijisikia kama mtu aliyejenga daraja.

Agosti karibu inimalize. Karembo alikuwa kazini, mwili huku, kichwa kule kwenye maji moto, bila unywele hata mmoja, kwa maana zile za Aprili nilikuwa nimezing'oa asubuhi hiyo. Nikasikia Mama Kinya akipaza sauti kuliko lori, "Ooo, Marigu! Umekuja kusalimia fundi! Na mama yako yuko wapi? Umekuja peke yako kumwona fundi?" Mungu ambariki mama yule. Mwili niliukalia. Kichwa nikakitumbukiza kwenye kitu cha karibu, ambacho kilikuwa gambuti, buti la mpira, la mzee mmoja, nimeliziba tundu jana yake.

"Karembo yuko wapi?"

"Amelala," nikasema, na nilikuwa nimemkalia.

Ndipo mwenye gambuti akafika. Sikuweza kusimama. Alichukua viatu vyake mwenyewe, akavivaa pale pale, akanishukuru, akaondoka kuelekea kwenye stendi. Nikamwangalia akienda na kichwa cha yule farasi ndani ya gambuti la mguu wake wa kulia. Nilihesabu hatua zake. Kufikia ya thelathini alianza kuchechemea. Marigu alikuwa ananieleza habari za shule, kwamba nafasi yake darasani imehamishwa karibu na mlango, kwamba mwalimu mkuu amemwuliza tena habari ya kofia. "Nimemwambia angoje Karembo," akasema. "Nywele zake zikifika mabegani basi ni ukweli kwamba nywele huota. Zikikoma njiani basi Mama alikuwa anasema ukweli ile siku ya kwanza." Alisema hivyo akichezea kamba za kiatu cha mteja, bila kuniangalia. Na mimi niliyekuwa nimekasirika miezi minane, kwa sababu ya vidole, kwa sababu ya mashimo, kwa sababu ya eksi, nilikaa juu ya ule mwili wa plastiki nikaona kwamba sitaweza kuacha.

Mzee alirudi akiwa ameshika gambuti mkononi na soksi imelowa. "Fundi, ndani kuna kitu kinaniangalia." Mama Kinya alimnyaka mlangoni, akamwingiza saluni kabla hajamaliza kuongea, na hadi leo sijui alimwambia nini, ila mzee alitoka ameoshwa nywele.

Rangi ya waridi haikuwepo Makutano. Nilitafuta hadi watu wakaanza kuniuliza nina msichana gani. Mwishowe niliipata Kibirichia, siku ya soko, mdomoni mwa gunia: kamba ya nailoni ya waridi, mama mmoja amefungia viazi. Nilimwomba kamba. Akanitazama. "Na viazi?" Nikamwambia viazi sivihitaji. Alimwita mwenzake aje aone mtu mzima aliyekuja soko la viazi kununua kamba iliyotumika. Niliifumua uzi kwa uzi baada ya mtihani wa Novemba, wiki mbili, nikaichana na vitana vinne vya Mama Kinya ambavyo vyote vilipoteza meno. Nikaiviringa kwenye kalamu, nikaitia maji ya moto kiasi, kiasi, si ya kuchemka, nilikuwa nimeshajua. Ikatoka laini na yenye mawimbi. Kila shimo nililitia kishungi chake, hata yale mawili yaliyokuwa yamekuwa moja, niliyagawa kwa kipande cha ngozi chembamba ambacho huwezi kukiona usipoambiwa. Mkia uliponisumbua kwa kucheza ndani, nilichana karatasi kutoka daftari langu la hesabu, nikaikunja, nikaisokomeza mwilini ishike fundo. Kisha gundi, kisha kichwa. Mwalimu alikuja, akamshika Karembo, akampitishia kidole kwenye nywele zote. Halafu akasema, "Kope ya kushoto umeiacha nusu," akaenda naye, ampe Marigu siku ya Krismasi.

Marigu alikuja Januari, siku moja kabla ya shule. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa kama bakuli, na kofia alikuwa ameishika mkononi. Alinipa. "Pangusia viatu," akasema. "Zangu zitaota kufikia Aprili. Lakini Karembo asinyolewe tena, yeye huchukua mwaka mzima." Akaondoka akirukaruka kwenye vumbi la Makutano. Mtihani nilipita. Hesabu nilipata D, ambayo kwa miaka hii nimeikuza mwenyewe hadi imefika B, na nikipewa muda itapata A.

Haya yote yalinipitia pale hemani, na wali ukapoa. Watu walipopungua Marigu akaja, akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele yangu magoti kwa magoti. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilianza, "Marigu, kuna jambo mimi na mama yako..." Akanyoosha kiganja kama polisi wa barabarani. Akafungua mkoba, akatoa kikaratasi kilichokunjwa hadi kikawa laini kama kitambaa, akakikunjua gotini mwake. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Eksi si kumi na saba, Anko," akasema. "Eksi ni saba."

"Uliipata lini?"

"Nikiwa kidato cha kwanza. Kichwa kililegea, nikachungulia. Niliona mafundo yote. Nilikaa kitandani nikiwa nimekasirika sana, nikataka kwenda kumwuliza Mama. Halafu nilikuwa nimefunga nywele zangu, zikanigusa hapa." Akashika shingo yake. "Nikarudisha kichwa. Sikumwambia chochote. Alikufa akidhani sijui."

Hakuwa amemaliza. Aliingiza mkono mkobani tena, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso, na kabla hajakifungua nilikuwa nimeshajua, maana kule nyuma yake, kwenye kamba ya hema, yule mtoto mwenye kofia ya sufi alikuwa amesimama anatuchungulia.

Karembo. Kishungi hapa, upara pale.

"Ni wangu, huyo mtoto. Wawira, jina la cucu yake. Jumatatu anaanza darasa la kwanza," Marigu akasema, na sauti sasa haikuwa ya mamake. "Tumemnyoa Alhamisi, naye akamnyoa huyu. Nimetoka mochari nimechoka, nikaona, nikamwambia... Anko, nilisema maneno yale yale. Yale yale kabisa. Nilijisikia nikiyasema."

Nilimchukua farasi. Nina miwani sasa, na vidole vyangu asubuhi havikunjiki mpaka vishike kikombe cha chai. Mashimo hamsini na mawili. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kumgombeza, na wa kumgombeza alikuwa amelala kule chini ya maua, anacheka bila shaka. Mtoto alikuja hatua moja, kisha ya pili. Akasimama karibu na goti langu, akanishika mkono wa shati, akaniita babu kwa lugha ya kwao.

"Guka, Mama anasema wewe unajua. Zitaota?"

Nikavua miwani, nikaipangusa, nikaivaa tena, nikamchunguza Karembo kichwa chote kama daktari.

"Kufikia Krismasi," nikasema. "Lakini zikianza zitasimama kama za punda. Usishtuke."